Sikio la Kulia

Mama yangu,

Ulinifunza kwamba mtu akiingia nyumba ya mwenzake hamwagi habari mlangoni. Anapiga hodi, anaketi, anapewa maji, ndipo anasema kilichomleta. Basi hodi, Mama. Nimeketi, maji nimekunywa. Kilichonileta ni sikio lako.

Simaanishi lile lililokuwa linakusumbua. Namaanisha lile jingine, lile zima, ulilolipoteza siku munganga wa Kizungu alipopita Lusangi. Watu wote wa kwenu wanajua ni yeye aliyelitoboa kwa chuma chake, na mpaka leo wakitaka kumtania mtu mwenye mikono mizito wanamwita munganga wa masikio. Wewe hukuwahi kumsema vibaya. Mimi nilimsema, tena kwa kelele, mbele yako na mbele ya wageni, na kila nilipomsema nilikuwa najificha nyuma yake. Nimejificha miaka tisa. Sasa umekwenda, na mimi nimechoka, kwa hiyo naandika, ingawa najua kusoma hukujua na ungenicheka hapa nilipo na wino vidoleni.

Niache nianzie kwenye vyungu, maana huko ndiko nilikokujua.

Kila kiangazi kilipoingia uliaga Kasongo, ukarudi kwa kaka yako Lusangi kufinyanga. Baba alikuwa analalamika: kwani Kasongo hakuna udongo? Ukamjibu kwamba udongo wa Kasongo ni wa matofali ya wazungu, haukijui chungu. Ukajitwisha kikapu, ukaenda. Masomo yakifungwa nami nilikufuata, nikakukuta wewe na rafiki yako Mama Sifa mko bondeni, udongo umewafika magotini, mnacheka mambo ambayo nikifika mnaacha kuyasema.

Siku ya kuchoma ndiyo niliyoipenda. Mlipanga vyungu juu ya magogo, mkavifunika maganda ya miti na majani makavu, mkawasha asubuhi na mapema. Jua likifika utosini moto umekwisha, vyungu vimelala kwenye majivu, vyekundu na vyeusi. Mtu mwingine angeona kazi imekwisha. Wewe ndiyo kwanza ulikuwa unaianza. Ulinyoosha miguu chini, ukaweka chungu juu ya kiganja, ukakigonga kwa kifundo cha kidole, mara moja tu, ukainamisha kichwa. Hata Mama Sifa, ambaye mdomo wake haukujua siku ya mapumziko, alinyamaza.

"Hii iko nalia," ulisema, ukakiweka pembeni taratibu. Ukachukua kingine. "Hii iko naguna. Itafaa kwa kuweka mbegu, moto haitaweza." Ukachukua kingine. "Hii iko nakohoa. Muvunje."

Na mimi nilisikia nini? Ko. Ko. Ko. Vyungu vyote kwangu vilisema ko.

Nikakuuliza unajuaje. Hukunicheka. Ulinivuta karibu, ukaniambia, "Ile ya kulia, sauti yake inatoka, inaenda, inarudi. Ile ya kukohoa, sauti inatoka, inaanguka palepale. Na kuna ile ya kumeza. Ukipiga, inajibu muzuri kabisa, halafu ku mwisho inameza kidogo. Ile ndiyo mubaya kupita zote, sababu inadanganya." Ukanipa chungu nigonge. Ko. Nikasema ndiyo, Mama, nimesikia. Nilikuwa mwongo tangu utoto, unaona.

Unamkumbuka yule mama kutoka Wamaza aliyekipenda chungu kimoja cha kumeza? Kilikuwa kizuri, shingo yake imechorwa vizuri, tumbo la mviringo. Ukamwambia hakiuzwi. Akasema anakiona kizima. Ukamwambia, macho hayapiki. Akabembeleza, akakasirika, mwisho ukampa bure ili asikupotezee asubuhi. Kiangazi kilichofuata alirudi mwenyewe, anajicheka: maharagwe yalikuwa yameanza kuchemka, chungu kikasema pwaa, supu yote ikaingia majivuni. Nilikutazama nikidhani utajisifu. Ulimuuliza tu kama watoto hawakuungua.

Wakati huo nilikuwa kalasi, nasoma kwa masera, watawa wa Kizungu, pale Kasongo. Baba, Mwislamu wa mjini, ndugu zake walimsema sana kwa kumpeleka binti kwa wale akina mama wa msalaba, lakini yeye alitaka mtoto wake ajue karatasi. Tulifundishwa kushona, kufua, kusali na Kifaransa kidogo. Kifaransa chenyewe kingeenea kwenye viganja viwili. Ila mimi nilikibeba kama mzigo wa dhahabu, nikaja nacho mpaka Lusangi ndani ya kaye yangu, daftari la shule, nikakusomea maneno mnapokanda udongo.

Nikafika kwenye neno kulia. Masera alikuwa ametuandikia ubaoni: kulia, *pleurer*. Nikakueleza, kwa sauti ileile ya masera, kwamba maana yake ni kutoa machozi.

"Aka!" ulisema. "Na kengele ya mupe, pale kanisani? Kila asubuhi inalia. Nani amekufa?"

"Hiyo ni nyingine, Mama."

"Jogoo?"

"Nyingine."

"Ngoma? Baruti ya wazungu kule mugodini Salamabila? Tumbo ya baba yako kama muchele haijaiva?"

Mama Sifa alikuwa amejishika mbavu. Mimi nimefura. Ukapangusa udongo mikononi, ukasema kwa upole, "Ile masera iko na machozi mingi. Umwambie aache nafasi kwenye kaye, hiyo neno haijaisha."

Sikumwambia. Nani anamwambia masera? Na nilivyo, niliona wewe ndiye usiyejua. Leo nikikumbuka nashangaa jinsi nilivyokaa mbele ya mtu mwenye masikio ya namna ile, mtu ambaye katika neno moja alikuwa anasikia kengele, jogoo, ngoma, tumbo na chungu, kila kimoja na sauti yake, na mimi nikamsikitikia kwa sababu hana kaye.

Nyumbani Kasongo neno hilohilo lilikuwa mchezo wenu wewe na Baba. Sisi tulikuwa tunakulia vile vyungu vyenye ufa, vile vizima vinauzwa, na Baba kila akipewa chakula chake kwenye kipande alitikisa kichwa: "Mfinyanzi hulia gaeni." Nawe ulikuwa unajibu bila kucheka: "Ndiyo. Chungu ikipasuka, mufinyanzi analia juu ya vigae. Baba yenu iko na huruma." Baba alicheka mpaka anakohoa. Mimi nilikuwa nakusahihisha: Mama, hulia hapo ni kula, kulia chakula, si kulia machozi! Ukaniangalia tu. Nadhani ulijua siku zote.

Lakini palipotugombanisha hasa ni mkono. Watu wa Baba, watu wa mjini, wanasema mkono wa kulia, ule wa kulia chakula. Kwenu upande wa Kabambare ni mukono wa kuume. Nikakuambia wa kuume si Kiswahili safi. Nikakuuliza, mbele ya wageni, mkono una ume gani. Ukaniuliza wa kwetu una machozi gani. Wageni wakacheka upande wako, nikanuna siku mbili. Ukaniambia, "Sikio haipite kichwa, mama," maana uliniita mama, kwa jina la bibi nililorithi. Nikaona ni maneno tu ya wakubwa wakiishiwa hoja.

Sasa siku yenyewe.

Nilikuwa nimemaliza masomo mwaka ule, nimechumbiwa, najiona mtu mzima. Nilifika Lusangi nikakukuta umetoka kuugua homa kali. Homa ilikuwa imeondoka, ikaacha kitu. "Sikio iko nalia," uliniambia. Nikauliza linasemaje. "Ngiii. Kutwa kucha, ngiii." Sikuuliza ni lipi. Halikunipitia swali hilo, Mama. Nilikuwa na habari zangu za harusi za kukueleza.

Siku ya pili ikaja amri kutoka teritware, kwa wakubwa wa serikali: munganga wa Kizungu anapita, watu wote watoke barabarani wapapaswe shingo, kutafuta ugonjwa wa malali, ule wa kusinzia mpaka kufa. Tukapanga mstari mbele ya ghala la pamba. Karani wake wa kutafsiri alikuwa amebaki Kabambare, tumbo linamuendesha. Kapita, msimamizi wa kijiji, akazunguka anapiga kelele: nani hapa anajua Kifaransa? Mama Sifa akanisukuma mgongoni: "Huyu hapa! Huyu amekula kaye zote za masera!"

Nikaenda kusimama karibu na meza ya mzungu. Mzungu alisema neno, nami nikasema neno, na mstari mzima ukageuka. Akasema tena, wakafungua vinywa. Watu walionibeba mgongoni, wajomba, wazee, wote walikuwa wanatazama mdomo wangu. Jamani, nilirefuka. Mtu akiniuliza leo ni siku gani katika maisha yangu nilijiona mkubwa kupita zote, ingawa naona haya, ni siku ile.

Zamu yako ikafika. Alikupapasa shingo, akaona ni safi, akataka kukupitisha. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsimamisha. Nilitaka uone ninavyoweza. Nikataka kumwambia kwamba sikio la mama yangu linalia, na katika Kifaransa changu chote neno la kulia lilikuwa moja tu, lile la ubaoni. Nikamwambia sikio lako linatoa machozi.

Akakunja uso. Bila shaka alidhani ni usaha. Akauliza ni sikio lipi. Nikakugeukia, hata sikukugeukia, nilikuuliza huku namtazama yeye: "Mama, sikio gani?"

Ukasema, "Ile ya kulia."

Ee Mama! Nilifurahi. Unajua niliwaza nini? Niliwaza: hatimaye, leo mbele ya mzungu Mama amesema Kiswahili safi. Ulikuwa unasema kama ulivyosema siku zote za maisha yako, ile ya kulia, ile ya kukohoa, ile ya kumeza. Nami nilisikia mkono wa watu wa Baba.

"*Droite*," nilimwambia, yaani la mkono wa kulia.

Mzungu aliniuliza tena. Hilo ndilo linalonichoma. Alikuwa na haraka, mstari mrefu, lakini aliuliza tena: "*Droite?*" Nami nikajibu kwa sauti ili wa nyuma nao wasikie: "*Oui, docteur. Droite.*"

Akakushika sikio la kulia, la kuume, lile zima. Akapiga maji kwa bomba, akatazama, hakuona usaha. Kama mtu ameambiwa usaha upo, atautafuta. Akachukua chuma chembamba. Wewe ulishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Ulisema "a" moja, ndogo. Kisha damu ikashuka mpaka begani, akakujaza pamba, akasema upumzike, akamuita anayefuata. Na anayefuata alikuwa Mama Sifa, nami nikaendelea kutafsiri.

Siku tatu baadaye mlichoma vyungu. Ulinyoosha miguu, ukaweka chungu kiganjani, ukagonga, ukainamisha kichwa upande ule uliouzoea. Ukangoja. Ukagonga tena. Ukakihamishia upande wa pili, ukagonga, ukakunja uso. Kisha ukaninyooshea mimi. "Mama, niambie. Hii iko nalia?"

Mimi, ambaye kwangu vyote ni ko.

Nikakuuliza, "Mama, kwani ni sikio gani lilikuwa linalia?" Ukagusa la kushoto. "Ile ya kulia," ulisema, kama unamkumbusha mtoto. "Nilikuambia."

Pale nikajua yote, kaye, ubao, masera, mkono, na mdomo wangu. La kushoto likaendelea na ngiii yake, la kuume likanyamaza kabisa, na katikati yake mfinyanzi bora wa nchi ile ameketi na chungu asichoweza kukisikia. Nilitakiwa kusema palepale. Nikasema, "Yule mzungu!" Nikaanza kumtukana. Majirani wakaja kupoza: sikio la kufa halisikii dawa. Nikaitikia pamoja nao. Niliitikia, Mama, na niliona unanitazama.

Mwaka ule ulikuwa mbaya. Mama Sifa alikugongea vyungu, naye kumbe alikuwa mtu wa ko kama mimi, kwa miaka yote alikuwa ananyamaza kwa heshima tu. Vyungu vyako vikaanza kurudi vikiwa vigae. Mama mmoja alikuja kutoka mbali, akakuwekea vipande mbele ya miguu. Kaka yako akasema pengine sasa ulime tu pamba kama wengine. Niliporudi Kasongo nilimwambia Baba kwamba unaendelea vizuri.

Kiangazi kilichofuata nilikuja na mimba ya mtoto wangu wa kwanza, nikiogopa nitakachokikuta. Nilikukuta umeketi kwenye majivu, watu wamekuzunguka, na chungu kimeingia mdomoni mwako.

Ulikuwa unakiuma. Meno ya mbele yameshika ukingo, macho yamefumba, kidole kinagonga tumbo la chungu. Ko. Ukangoja sauti iishe. Kisha ukakitoa, ukajifuta midomo, ukasema, "Iko nalia."

Watu wakaguna. Mwingine akasema ni uchawi. Mama Sifa, mchokozi wa siku zote, akajipenyeza nyuma, akachukua chungu ulichokuwa umekwisha kukikataa, akakitia katikati ya vile vizuri. Ikafika zamu yake, ukakiuma, ukagonga, ukakitema kama umeonja maziwa mabovu. "Sifa! Unanichezea?" Wapi, watu walipasuka kwa kicheko, mzee mmoja akavua kofia yake. Nilikuwa nimekuja kuona nilichokiharibu, nikamkuta mtu ametafuta njia nyingine ndani ya kichwa chake mwenyewe, peke yake, mwaka mzima, kwa meno.

"Inapita ku mifupa," uliniambia tulipobaki wawili. "Sikio ilifunga mulango, sauti ikazunguka nyumba. Kuja, uma."

Nikasema mimi siwezi, unajua mimi sisikii vyungu. Ukasema uma tu, mama. Kilikuwa bado na joto. Nikauma ukingo, ladha ya moshi, nikafumba macho, ukagonga wewe.

Mama, nilisikia. Miaka yote ile, halafu nikasikia. Ilianza kwenye meno, ikapanda nyuma ya macho, ikazunguka, ikaenda, ikarudi, vilevile ulivyosema, ikakawia kabla ya kuisha. Ukanipa kingine, kikaanguka palepale, nikasema kikohozi kabla hujaniuliza. Ukanipa cha tatu. Kikalia vizuri, na mwishoni kabisa, pale ambapo ningekwisha kukipitisha, kikameza. Nilikisikia kikimeza! Nikakitoa mdomoni, nikaanza kulia, na kwa mara ya kwanza niliona haya kwamba kwa machozi yangu na kwa sauti ile tulikuwa na neno moja. Ukadhani nimeungua mdomo. Ukaniletea maji. Maneno yalikuwa yamefika hapa kooni, Mama, ni mimi, si mzungu, ni mimi. Nikanywa maji, nikasema ndiyo, chungu kilikuwa cha moto.

Tangu siku ile nimekuwa na hofu na heshima kwako ambayo sikujua pa kuiweka. Nilikuwa nakutazama unavyopika, unavyofunga kilemba juu ya lile sikio lililokufa, na najiuliza mtu huyu ameumbwa na nini. Kila mwaka nilijiambia kiangazi hiki nitasema. Kisha ukaja ujumbe Kasongo kwamba niwahi, umezidiwa, na sikuwahi.

Siku ya tatu ya kilio cha maziko yako nilimwita Mama Sifa nyuma ya nyumba. Nilimwambia yote, bila kupumzika, sikio gani, neno gani, mara ngapi mzungu aliniuliza. Nilitaka mtu anitukane. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia, "Weye unafikiri hakujua?"

Nikasema angejuaje, Kifaransa hakujua.

"Kifaransa hakujua. Sikio yake alikuwa najua. Munganga aliposhika ile ya muzima, mi nilikuwa nyuma yake, nikaona anafungua kinywa. Kisha akafunga. Nikamuuliza njiani, damu ingali inatoka, weye mujinga, kwa nini hukusema? Akaniambia, 'Sifa, umeona? Mutoto wangu iko nasema, na muzungu iko namusikiliza. Anauliza, anangoja, mutoto anajibu. Tangu nizaliwe sijaona muzungu anangoja jibu ya mutu wetu. Nikasema, nikifungua kinywa itavunjika. Acha nitazame kwanza.'"

Nilikaa chini, palepale nyuma ya nyumba. Mama Sifa akakaa nami.

Mama, sikio lilikuwa la kushoto. Nimesema sasa. Nilikuwa nimejiandaa kukuomba msamaha wa sikio, na nakuta huo ulinipa siku ileile, kabla damu haijakauka. Basi nakuomba mwingine. Nisamehe hii miaka tisa, uliyokaa unangoja niseme, na ulikuwa unajua kungoja.

Lala vizuri.

Binti yako